Kigunia Kidogo Chenye Uzito wa Jiwe

Bandarini Kalundu, mjini Uvira, Kivu Kusini, mbebaji huujua mzigo kwa bega lake. Unga una uzito wake, saruji ina wake, na ndagala wakavu, hata wakijaa gunia zima, ni wepesi wa kubebwa huku mtu anapiga soga. Halafu kuna kigunia kimoja ambacho hakifiki hata magotini. Wanaume wawili hukishika pembe kwa pembe na bado wanaguna. Hapo anayebeba hahitaji kuambiwa: ni koltani, au ni kasiterite, jiwe lililoshuka kutoka milimani, likalala depo siku mbili tatu, na sasa linatafuta njia ya kutoka. Swali lake ni moja tu, analipwa kiasi gani kwa safari.

Mazungumzo ya leo yanahusu swali la pili, ambalo katika pwani hii ya kaskazini mwa ziwa Tanganyika halijazoeleka. Je, jiwe hilo linamfanya nini mtu anayelishika kila siku?

Koltani, kwa maumbile yake, huwa na uraniamu na thoriamu kidogo ndani yake. Hakuna aliyezitia, zimo tangu jiwe lilipoumbika chini ya ardhi. Ndiyo sababu kampuni za meli kule baharini hudai hati ya kipimo cha mionzi kabla kontena halijapandishwa. Shehena ya madini ya aina hii ikivuka bekereli 10 (kipimo cha nguvu ya mionzi) kwa gramu moja, huingizwa katika daraja la 7, daraja la vitu vya mionzi, pamoja na karatasi zake, alama zake na masharti yake. Basi mzigo huanza kuheshimiwa pale unapofika kwenye meli. Mabega yaliyoutoa mlimani, mikono iliyouponda na pua zilizovuta vumbi lake zimeshabaki nyuma mamia ya kilomita, bila karatasi wala alama.

Jambo hili huonekana wazi zaidi penye taka za mionzi, lakini kwenye pwani hii, kutoka Kavimvira hadi Baraka, hakuna mahali palipochimbwa pawe kaburi la taka hizo. Kwa hiyo anayetaka kujua namna wafanyakazi wa mahali kama hapo wanavyolindwa, au wanavyoachwa, itambidi aondoke kwanza Uvira. Lakini hana haja ya kuanza na nchi ya watu. Udongo uliowafundisha Wamarekani kazi hiyo ulitoka hapa hapa Kongo.

Ulitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika Katanga. Uraniamu yake iligunduliwa mwaka 1915, na kampuni ya Union Minière ikaichimba kwanza kwa ajili ya radiamu, iliyokuwa ghali kupita dhahabu. Kisha vita vikaja. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York, zikakaa ghalani Staten Island bila mtu kuzijali. Septemba 1942 jeshi la Marekani likabisha hodi mlangoni kwake na kuzinunua. Sehemu kubwa ya uraniamu ya mabomu ya kwanza ya nyuklia ilitoka katika shimo hilo. Kwa wachimbaji wa Marekani, jiwe lenye uraniamu chini ya asilimia moja lilikuwa jiwe zuri. La Shinkolobwe liliweza kufikia asilimia 65.

Habari ya bomu imesimuliwa mara nyingi. Habari ya makapi haisimuliwi sana. Mtu akishakamua uraniamu katika jiwe, hubaki tope, na radiamu karibu yote hubaki humo. Tope la Shinkolobwe lilipewa jina la K-65. Lilikuwa kali kiasi kwamba hata Wamarekani, waliokuwa na haraka na kila kitu, hawakuweza kulimwaga tu. Tena kulikuwa na jambo la kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka: Marekani ilinunua uraniamu peke yake, radiamu ikabaki mali ya upande wa Wabelgiji, ambao waliweza kuja kuidai siku yoyote. Kwa hiyo tope likatunzwa kama akiba ya mwenyewe aliye safarini. Sehemu moja ilikaa Lewiston, karibu na maporomoko ya Niagara. Nyingine ilikwenda Fernald, Ohio, kilomita zipatazo 30 kutoka mji wa Cincinnati, ikatiwa katika matangi mawili makubwa ya zege yaliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Ohio si jina geni Uvira. Familia nyingi za Wabanyamulenge, Wabembe na Wafuliiru waliopitia kambi za wakimbizi huishi huko sasa, Dayton na kwingineko. Wengine wao wako mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka mahali ambapo udongo wa nchi yao ulikaa kifungoni nusu karne.

Ili kuelewa kazi iliyofanyika Fernald, lazima ieleweke kwanza adui alikuwa nani. Wataalamu wa kinga ya mionzi wana maneno matatu: muda, umbali na kizuizi. Mama anayechoma mukeke kando ya barabara anayajua yote bila kusoma. Hakai juu ya jiko mchana kutwa; akimaliza kugeuza samaki husogea; na akishika sufuria ya moto hutumia kitambaa. Mionzi ya nje ni hivyo hivyo. Ukienda mbali mara mbili ya ulipokuwa, kipimo kutoka kwenye chanzo kidogo hushuka hadi robo. Punguza saa za kukaa karibu, weka risasi au zege katikati, mwili unapumzika.

Lakini moto huo una njia nyingine ya kumfikia mtu. Uraniamu na radiamu hutoa chembe ziitwazo alfa, ambazo hata karatasi huzizuia, hata ngozi ya kiganja. Zikiwa nje ya mwili hazina nguvu. Zikivutwa pamoja na vumbi hadi ndani ya pafu, hapo hakuna ngozi, hakuna karatasi, na umbali ni sifuri. Mtu amemeza kaa na kaa linaendelea kuwaka. Radiamu nayo huzaa gesi, radoni, isiyo na rangi wala harufu, inayopenya nyufa za zege kama moshi upitao kwenye paa la nyasi. Radoni nayo hugeuka kuwa chembe zinazonasa kwenye vumbi. Wachimbaji wengi wa uraniamu katika nchi mbalimbali wamekufa kwa saratani ya mapafu kwa njia hiyo.

Matangi ya Fernald yalikuwa yakivuja radoni. Mwaka 1964 yalizungushiwa tuta la udongo ili kuta zisipasuke. Mwaka 1991 tope lenyewe lilifunikwa kwa tabaka la udongo mfinyanzi uitwao bentonaiti, uliopigwa kwa pampu kutoka juu, ili gesi ichelewe kutoka. Kazi ya kuyaondoa yote ilipowadia, miaka ya 2000, mhandisi hakumpeleka mtu hata mmoja kuingia tangini na koleo. Tope lililainishwa kwa mikuki ya maji inayoendeshwa kutoka mbali, likavutwa kwa pampu, waendeshaji wakitazama kwenye kamera. Hewa ya matangini ilipitishwa katika makaa. Naam, makaa, ingawa yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Radoni hupungua nusu kila siku 3.8, basi mtu akiifungia ndani ya makaa kwa wiki chache, imekwisha yenyewe. Ni kama kumfungia mwizi hadi azeeke.

Baada ya hapo tope lilichanganywa na saruji na majivu, likagandishwa ndani ya mapipa ya chuma, likapakiwa kwenye malori hadi Andrews, Texas, ambako ndiko lilikozikwa. Wafanyakazi walivaa dozimeta, kile kibeji kidogo cha kifuani kinachohesabu mionzi iliyompata mtu. Hewa ya mahali pa kazi ilipimwa. Mikojo yao ilipimwa, kwa sababu uraniamu iliyoingia mwilini hutoka kwa njia hiyo na kujitangaza. Kazi ya kusafisha Fernald nzima ilimalizika mwaka 2006, baada ya kutumia dola zaidi ya bilioni 4.

Msikilizaji asidhani kwamba huo ulikuwa wema wa kuzaliwa nao. Katika kiwanda cha Mallinckrodt mjini St. Louis, kilichosafisha mawe ya Kongo wakati wa vita, wafanyakazi walivuta vumbi kwa viwango ambavyo leo vingefunga kiwanda siku hiyohiyo. Pale Fernald, mwaka 1984 ilijulikana kwamba vichujio vilikuwa vimepitisha zaidi ya kilo 100 za vumbi la uraniamu hewani. Majirani walikwenda mahakamani, na mwaka 1989 wakalipwa dola milioni 78. Wafanyakazi nao walidai, wakapata haki ya kuchunguzwa afya maisha yao yote. Mwaka 2000 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwalipa dola 150,000 wafanyakazi wa viwanda vya nyuklia waliougua, au familia zao. Mikuki ya maji na mapipa ya chuma vilikuja baada ya kesi, mazishi na magazeti.

Turudi Katanga.

Mwaka 1960, uhuru ukikaribia, Wabelgiji waliacha maji yajae mgodini na wakaziba mdomo wa shimo kwa zege. Zege hilo halikuzuia mengi. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, bei ya kobalti ilipopanda, maelfu ya wachimbaji wa mkono walihamia Shinkolobwe. Walitafuta kobalti, uraniamu ilikuja nayo kama magugu yanavyokuja na mpunga. Waliponda, wakabeba, wakapika chakula na kulala hapohapo. Januari 2004 Rais Joseph Kabila alitia sahihi amri ya kufunga mgodi, lakini watu waliendelea kuingia. Julai mwaka huohuo sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu 8. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokwenda kupima baadaye mwaka huo uliona hatari ya mashimo kuporomoka tena, na ukaonya pia kuhusu mionzi kwa anayefanya kazi pale siku nenda rudi.

Miaka mitatu baadaye lilitokea tukio ambalo kila Mkongomani anayeshughulika na madini angepaswa kulijua kama anavyojua bei ya dola. Mwaka 2007, katika eneo la Likasi, mamlaka zilikamata tani zipatazo 17 za madini ya shaba yaliyokuwa na mionzi kupita kiwango kinachoruhusiwa. Uamuzi ulikuwa wa busara: yarudishwe Shinkolobwe, yazikwe kule yanakofanana na udongo wa mahali. Malori yakaondoka. Mzigo haukufika. Ulimwagwa katika mto Mura, mto unaowapa watu maji. Serikali ilituma tume, watu wakakamatwa, magazeti ya Ulaya yakaandika.

Katika makelele hayo yote maji yalizungumzwa, samaki wakazungumzwa, siasa ikazungumzwa. Wapakuzi hawakuzungumzwa. Tani 17 hazishuki kwenye lori kwa maombi. Kuna watu walipanda juu ya mzigo, wakashika makoleo, wakavuta vumbi, kisha wakarudi nyumbani na nguo zilezile wakawabeba watoto wao. Majina yao hayako katika daftari la kipimo chochote. Kama waliumia kidogo tu, au hawakuumia kabisa, hakuna awezaye kusema, maana dozi isiyopimwa haijulikani ilikuwa kubwa au ndogo. Mkulima apelekaye muhogo sokoni bila mzani anajua kwamba ataibiwa. Mfanyakazi wa mionzi asiye na dozimeta haijui hata bidhaa aliyouza.

Kwa mtu wa Uvira, Mura ina maana ya pekee. Mji huu umelala kati ya mlima na ziwa, na kila kinachomwagwa juu hushuka. Aprili 2020 mto Mulongwe ulionyesha unachoweza kufanya: ulibeba mawe, nyumba na watu usiku kucha hadi ziwani. Na Tanganyika si mto wa kupitisha uchafu na kuusahau. Kina chake kinafika mita 1,470, na mlango wake wa kutokea ni mmoja, Lukuga, kule Kalemie. Maji yanayoingia leo hukaa humo mamia ya miaka. Depo ya madini iliyojengwa kando ya korongo, ikifagiliwa na takataka zake kusukumwa mtaroni, imeshachagua kaburi la taka zake, hata kama mwenye depo hakuwahi kulifikiria hivyo.

Sasa, je, wabebaji wa Kalundu wako katika hatari ile ya Shinkolobwe? Hapana, na si vizuri kuwatisha watu kwa kitu kisichofanana. Koltani ni dhaifu mno ikilinganishwa na jiwe la uraniamu. Kwa kipimo cha kimataifa, mfanyakazi wa mionzi hapaswi kuzidi wastani wa milisiverti 20 (milisiverti ni kipimo cha dozi inayompata mtu) kwa mwaka katika miaka mitano, wala kufika zaidi ya 50 katika mwaka mmoja. Mwananchi wa kawaida kikomo chake ni 1, mbali na ile anayoipata kutoka ardhini na angani kama kila mtu, ambayo kwa wastani wa dunia ni 2.4 hivi. Wanasayansi waliochukua sampuli katika migodi ya koltani ya Masisi, Kivu Kaskazini, walichapisha makadirio yao mwaka 2007: dozi ya mchimbaji inaweza kufikia milisiverti 18 kwa mwaka. Kazi iliyoongoza haikuwa kuchimba wala kubeba. Ilikuwa kuponda na kuchekecha.

Milisiverti 18 kwa kibarua asiye na mkataba, dozimeta wala daktari, zinamweka sawa na mhandisi wa kinu cha nyuklia aliyekaribia kikomo chake, ambaye mkuu wake angeshamwita ofisini na kumhamisha kazi. Huyu wa Masisi kesho anarudi kwenye nyundo. Na Kivu Kusini, kokote koltani inakopondwa, kazi ni ileile na pafu ni lilelile.

Lakini ndani ya habari hiyo mbaya kuna nafuu, nayo haihitaji mabilioni ya Ohio. Kama adui mkubwa ni vumbi, basi maji ni silaha. Kuponda jiwe likiwa limeloweshwa, kunyunyiza sakafu ya depo kabla ya kufagia, kufungua madirisha upepo wa ziwa upite, kuziba pua na mdomo kwa barakoa inayochuja vumbi hasa, maana leso hupunguza kidogo tu na kumpa mtu moyo wa bure. Kutokula wala kuvuta sigara penye vumbi. Kunawa. Nguo za kazi zibaki kazini, zifuliwe peke yake. Na kwa mionzi ya nje, lile neno la umbali: mlinzi wa depo asitandike mkeka wake juu ya magunia au kuyaegemea usiku kucha. Hatua chache tu kutoka hapo, hadi upande wa mlango, hubadilisha hesabu yake ya mwaka mzima.

Yaliyobaki ni kazi ya serikali, na haiwezi kusingizia ukosefu wa sheria. Kongo ilipitisha sheria ya kinga dhidi ya mionzi Oktoba 2002, na ina kamati ya taifa ya kinga hiyo, CNPRI, pamoja na kamisheni ya nishati ya atomu jijini Kinshasa, ambako kinu cha kwanza cha utafiti cha nyuklia barani Afrika kiliwashwa mwaka 1959. Wataalamu wapo. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania ina ghala kuu la taka za mionzi Arusha, chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, ambako vyanzo vilivyokwisha kazi hospitalini na viwandani hukusanywa na kufungiwa. Kenya ina lake Oloolua, upande wa Ngong. Kinachokosekana huku ni kifaa cha kupimia kufika hadi depo ya mwisho ya barabara ya Fizi, mikononi mwa mtu ambaye mshahara wake hautegemei mwenye mzigo. Kipimo kinachofanywa ili hati ya kusafirishia itoke humwangalia mnunuzi. Kingeweza, kwa dakika tano zaidi, kumwangalia pia aliyebeba.

Fernald leo ni hifadhi ya wazi. Kuna vijia vya kutembea, mabwawa na ndege, na tangu 2008 jengo la kuwapokea wageni linaloeleza yaliyotokea. Tope la Kongo limeondoka, lakini taka nyingine nyepesi zimezikwa palepale chini ya kilima kilichopandwa nyasi, na wafanyakazi huja kwa zamu kupima maji ya chini yake, kwa kuwa mkataba wa kulinda hauna tarehe ya mwisho.

Na Kalundu, boti la kwenda Baraka likijiandaa, vitu vizito huteremshwa kwanza, chini kabisa, ili chombo kisiyumbe. Kila nahodha anajua hivyo. Kisha hufuata saruji, unga, madumu ya mafuta, na juu ya vyote abiria hutandaza vitenge vyao, kwa sababu safari ni ya usiku na watoto watataka kulala.